Kuvuka Mto Tusioujua

Somo la kujifunza pamoja nyumbani, mitaani na katika vikundi vya vijana

Masomo: Yoshua sura ya 3 na ya 4, Kumbukumbu la Torati 25:17-19, Mathayo 4:5-7



Wazee wetu walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Neno hilo latupeleka mbali kidogo mwezi huu, mpaka kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Ni mchezo wa kushuka mito yenye maji ya kasi kwa mtumbwi mdogo uitwao kayaki. Huenda msomaji akauliza, "Mchezo wa watalii una nini na Kanisa?" Twamwomba avumilie kidogo. Watu hao huenda likizo wakiwa kundi, katika mito wasiyoijua, na walio wengi hurudi makwao salama. Jinsi wanavyotunzana njiani ndiyo habari yetu.

Maana sisi nasi tu watu wa safari, na mbele yetu iko mito ambayo hatujapata kuivuka: ndoa, ugonjwa, kuhamia mji mgeni, ujane, uzee. Tena tunayo mito ya maji yenyewe, ambayo kila masika huchukua watu wetu. Kwa hiyo somo hili lina faida mbili, ya roho na ya mwili.

1. Mchezo wenyewe ni upi?

Kayaki kilikuwa chombo cha wawindaji wa Inuit, wakaao katika nchi za baridi kali za kaskazini, waliotandaza ngozi za sili juu ya kiunzi cha miti au mifupa. Kayaki za siku hizi za kushukia mito hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Mtu mmoja huketi ndani, miguu yake ikielekea mbele, na kitambaa kizito humfunga kiunoni na kuziba mdomo wa mtumbwi ili maji yasiingie. Kafi lake lina bapa huku na huku. Huvaa kofia ngumu na jaketi la kuelea. Mtumbwi ukipinduka, yeye aliyefundishwa vema huweza kujiinua tena pamoja nao bila kutoka ndani.

Karibu nasi, mahali panapojulikana sana kwa mchezo huu ni Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Wageni huja kutoka Ulaya, Marekani, Afrika Kusini na kwingineko, na Wauganda wengi wamekuwa waongozaji na waalimu wa mchezo huo.

Lakini angalieni jambo moja. Mwaka 2012 bwawa la umeme la Bujagali lilikamilika, na maporomoko yaliyokuwa yakisifiwa mahali pale yakafunikwa na maji. Mwaka 2019 bwawa la Isimba nalo likafunguliwa, upande wa chini zaidi, likafunika mengine. Tena maji hupanda na kushuka kwa kadiri yanavyofunguliwa mabwawani. Basi mtu aliyeujua mto ule mwaka 2005 akirudi leo atakuta mto mwingine. Ramani yake ya zamani itamdanganya, na kumbukumbu zake vilevile. Ndiyo maana hata mzoefu huuliza upya.

Wachezaji wa nchi zote wameyagawa maji ya kasi katika madaraja sita. La kwanza ni maji mepesi, na la sita ni maji ambayo hata hodari huogopa kufa ndani yake. Hata hivyo hawaliamini daraja peke yake. Mvua ikinyesha usiku milimani, mto wa daraja la tatu jana waweza kuwa wa daraja la tano leo asubuhi.

2. Kusimama na kutazama

Sheria yao ya kwanza ni hii: pale usipoona mwisho wa maporomoko, simama. Kundi zima huegesha mitumbwi, hutoka, hupanda ukingoni na kutembea kwa miguu likitazama. Hutafuta maji yaliyotulia nyuma ya mawe makubwa, ambapo mtu aweza kupumzika. Hutafuta mahali ambapo maji huanguka na kujizungusha yenyewe, yakishika kila kitu kilichoingia. Zaidi ya yote hutafuta miti iliyoanguka. Mti uliolala mtoni ni hatari kubwa kuliko unavyoonekana. Maji hupita katikati ya matawi kama tui lipitavyo katika kifumbu, lakini mtu hubaki mle kama machicha, akisukumwa asiweze kutoka.

Kisha huwauliza wenyeji. Mvuvi asiyejua kuendesha kayaki aweza kuwaambia mahali mamba walipo, mahali ng'ombe wanaponywea, na jinsi maji yalivyopanda juma lililopita. Kuuliza si ujinga.

Sasa fungueni Yoshua sura ya 3. Waisraeli walifika Yordani wakati wa mavuno, nao mto ulikuwa umejaa mpaka umefurika kingo zake zote. Je, walijitosa mara moja? Hapana. Walikaa kando ya mto, na baada ya siku tatu maakida walipita kati ya kambi wakitoa maagizo. Watu waliambiwa walifuate sanduku la agano, lakini waache nafasi ya kama dhiraa elfu mbili, yaani karibu kilometa moja. Sababu imeandikwa katika mstari wa 4: ili wapate kuijua njia, kwa kuwa hawakuwa wamepita hapo kabla ya siku ile. Nafasi ile iliwapa wote, hata walio nyuma, kuona mbele. Kama wangalisongamana, wa mbele tu ndio wangaliona.

Wako watu wasemao, "Yordani uligawanyika kwa imani, basi nasi tuingie tu, Mungu atafanya." Ndugu, msomeni tena Yoshua. Watu wale walikaa kimya wakingoja neno, na neno lilipokuja ndipo walipokwenda. Na Bwana wetu, alipoambiwa ajitupe toka juu ya kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Kungoja ukingoni nako ni kazi ya imani.

3. Wa kwanza na wa mwisho

Kundi la kayaki lina mpango wake. Mbele huenda kiongozi, na nyuma kabisa huenda mtu mwingine hodari, ambaye amekabidhiwa kazi ya kutopitwa na yeyote. Kwa kawaida yeye ndiye hubeba sanduku la dawa na kamba. Wanyonge na wanafunzi huwekwa katikati. Na kila mtu, pamoja na kutazama mbele, amepewa mtu mmoja wa kumwangalia, yaani yule aliye nyuma yake. Asipomwona, husimama katika maji yaliyotulia na kungoja. Naye aliye mbele yake, asipomwona yeye, husimama pia. Hivyo mmoja akikwama, kundi zima husimama bila mtu kupiga kelele.

Mahali pa nyuma si pa kumtupia aliyechoka. Tukumbuke walichofanya Waamaleki. Kumbukumbu la Torati 25:17-19 yatuambia kwamba waliwapiga wale waliokuwa nyuma, wanyonge waliochoka na kuzimia njiani. Adui alijua mahali pa kupiga. Taifa lililotoka Misri kwa nguvu kuu lilijeruhiwa kwa upande wa wale ambao hapakuwa na mtu wa kuwaangalia.

Kisha tazameni Yordani. Makuhani waliochukua sanduku la agano walitia miguu majini wa kwanza. Lakini hawakuvuka wakaenda zao. Walisimama imara katikati ya mto mpaka taifa lote likaisha kuvuka, na ndipo walipotoka (Yoshua 3:17 na 4:10-11). Waliotangulia kuingia walikuwa wa mwisho kutoka. Mzee aliyekwenda kwa mkongojo, mama aliyebeba mtoto mgongoni, kijana aliyerudi kumtafuta mbuzi wake, wote walipita wakiliona sanduku limesimama pale pale. Hapo ndipo penye moyo wa somo hili. Anayeongoza watu wa Mungu katika maji wasiyoyajua husimama majini mpaka wa mwisho avuke.

4. Kuonyesha njia iliyo salama

Maji ya kasi yana kelele nyingi, na watu hawasikilizani. Kwa hiyo hutumia ishara. Kafi likiinuliwa wima, maana yake "Njoo." Likishikwa limelala juu ya kichwa, maana yake "Simama." Mtu akijipigapiga kichwani asema, "Mimi ni mzima." Filimbi tatu ni kuomba msaada. Ishara hizi hukubaliwa ukingoni kabla ya safari, kwa kuwa watu wa kundi moja huenda wamefundishwa katika nchi mbalimbali.

Katika ishara hizo iko sheria moja ambayo twapenda wazazi na walimu waishike: kamwe usionyeshe kidole kwenye hatari. Onyesha njia iliyo salama tu. Kwa nini? Kwa sababu aliye majini, maji yakimpiga usoni, haoni sawasawa. Akiona mkono wako unaelekea mahali fulani, atakwenda huko. Ukimwonyesha shimo, utampeleka shimoni.

Je, malezi yetu yakoje? Kijana anayejiandaa kwa kipaimara husikia mara nyingi habari za ulevi, uasherati na marafiki wabaya. Ni haki azisikie, naye ajue kwamba mito ina mashimo. Lakini akiwa tayari yumo katikati ya maji, ametoka kwao, amepanga chumba mjini na hana kazi, atahitaji kuonyeshwa kitu cha kukifuata: kanisa lililo karibu na chumba chake, jina la mzee atakayempokea, kazi ya mikono ya kujifunza, siku ya mazoezi ya kwaya. Huo ndio mkono ulioelekea mahali salama.

5. Kupita nchi kavu si aibu

Baada ya kutazama maporomoko, kila mmoja katika kundi hujiamulia. Akiona hayawezi, hubeba mtumbwi wake begani, hupita ukingoni, na kuingia tena upande wa chini. Katika kundi jema hakuna mtu wa kumcheka. Wazoefu husema wazi kwamba wao wenyewe wamebeba mitumbwi yao mara nyingi. Kundi ambalo mtu huona haya kusema "Leo mimi sipiti" ni kundi la hatari, kwa kuwa siku moja mtu ataingia majini kwa sababu ya haya tu.

Jambo hili si la watalii peke yao. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililochukua wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini liliingia katika Mto Enziu uliofurika, likazama. Wengine waliokolewa, lakini watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa Wakristo wenzetu, wakienda kwenye furaha, kama kwaya zetu zinavyokwenda. Twawakumbuka kwa heshima, wala hatuwahukumu. Lakini kila mtu aliye na kwaya, na gari la kukodi, na harusi ya kuwahi, na afahamu jinsi maji yanavyofanya kazi.

Maji yaendayo kwa mwendo mara mbili husukuma kwa nguvu mara nne. Maji ya kasi yasiyofika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 yatosha kuyachukua magari mengi, maana gari huanza kuelea. Tena maji ya mafuriko ni ya tope, huwezi kuona kama barabara au daraja bado lipo chini yake. Dereva aliyepita hapo mara mia huujua mto wa kiangazi. Mto wa leo hajapata kuuona.

Kwa hiyo katika safari za parokia, na iwe ruhusa kwa mtu yeyote, hata mtoto, kusema, "Simameni, mimi naogopa." Na asikike. Harusi yaweza kungoja. Bwana arusi atakasirika kwa saa tatu, na baadaye atashukuru.

6. Kumwokoa mwenzako

Waendao mitoni hufundishwa kuokoa kwa utaratibu. Kwanza, mwite mwenzako umwelekeze. Pili, mnyoshee kafi au mti. Tatu, mtupie kamba. Nne, mfuate kwa mtumbwi. Kuingia majini wewe mwenyewe ni jambo la mwisho. Anayetupa kamba haifungi kiunoni mwake wala haizungushi mkononi, asije akavutwa yeye pia. Naye aliyechukuliwa na maji hulala chali, miguu ikitangulia upande maji yaendako, ili ajikinge na mawe. Hajaribu kusimama katika maji ya kasi, kwa kuwa mguu waweza kunaswa kati ya mawe na maji yakamlaza chini. Wafundisheni watoto wenu haya, hasa wavukao mito kwenda shuleni.

Utaratibu huu haupunguzi upendo. Mike Jones, daktari Mwingereza, aliongoza wenzake mwaka 1972 kushuka Nile ya Buluu huko Ethiopia, na mwaka 1976 kushuka mto Dudh Kosi utokao katika theluji za Everest. Mwaka 1978, katika mto Braldu nchini Pakistan, alikufa maji akijaribu kumwokoa mwenzake. Tukisoma Yohana 15:13 twaelewa kwa nini wanaojua mito bado humtaja kwa heshima.

Wala utaratibu si hirizi. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini aliijua mito ya Afrika kuliko wengi. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waliosafiri katika Nile kutoka Uganda mpaka Bahari ya Mediterania. Desemba 2010 alikuwa akiwaongoza wenzake wawili katika mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika kwenda ndani ya Kongo. Walikuwa wakienda pamoja, naye alikuwa mwangalifu, lakini mamba alimkamata na hakuonekana tena. Twalisema hili ili mtu asidhani kwamba aliyepatwa na msiba lazima alikosa busara. Wako waliofanya yote yapasayo na maji yakawashinda. Isaya 43:1-3 haiwaahidi watu wa Mungu kwamba hawatapita katika maji mengi. Ahadi ni kwamba hawatakuwa peke yao humo.

7. Neno kwetu sisi

Tumekwisha kuona mambo manne: kusimama na kutazama, kumwangalia aliye nyuma, kuonyesha njia iliyo salama, na kumwachia mtu apite nchi kavu bila aibu. Sasa tujiulize: katika mtaa wetu, nani yuko nyuma?

Mwanamke akifiwa na mume, siku ya mazishi uwanja hujaa. Kwaya huimba, Umoja wa Mama hupika, watu hulala matangani. Siku ya arobaini je? Na mwezi wa nne, ndugu wa mume wanapokuja kuuliza habari za shamba? Hapo ndipo maji yanapokuwa makali kwake, na ni mto ambao hajapata kuupita. Hali kadhalika mtu aliyeambiwa hospitali kwamba ana ugonjwa wa maisha: juma la kwanza ana wageni, na mwezi wa sita huenda kliniki peke yake.

Twashauri jambo moja tu, nalo ni dogo. Kila mtaa na umchague mtu mmoja awe mtu wa nyuma. Si lazima awe mzee wa kanisa. Awe mtu hodari, asiyesahau, na anayetunza siri. Kazi yake ni kuhesabu. Ibada ikiisha, ajiulize ni nani hakuonekana leo na juma lililopita, kisha kabla ya Jumatano apige hodi nyumbani kwake, au apige simu. Akiona jambo zito, amwambie katekista au kasisi, na kundi lisimame. Na wale wetu tulio mbele, makasisi, wazee, viongozi wa vikundi, tujifunze kwa makuhani wa Yordani: tusiondoke majini kwa sababu sisi tumekwisha kuona ng'ambo.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini Waisraeli waliambiwa waache nafasi kati yao na sanduku la agano? Viongozi wetu wafanye nini ili hata wa nyuma waone njia?

2. Je, katika familia yenu mtoto aweza kusema "Naogopa" bila kuchekwa? Toeni mifano.

3. Taja mahali pa kuvuka panapohatarisha watu wetu wakati wa masika. Ni nani anapaswa kuambiwa, na lini?

4. Kila mtu afikiri kimya: ni nani aliye nyuma yangu, na mara ya mwisho nilimwona lini?

Sala

Ee Mungu Mwenyezi, uliyewashika watu wako mkono katikati ya Yordani mpaka wa mwisho wao akavuka: utupe subira ya kungoja ukingoni tusipoona njia, na macho ya kumwona mwenzetu aliyebaki nyuma. Uwalinde wote wasafirio juu ya maji na kando ya maji. Uwapumzishe waliochukuliwa na mito, na kuwafariji waliowangoja nyumbani. Nasi, siku tutakapoingia katika mto wa mwisho ambao hakuna kati yetu aujuaye, tumkute Mwanao Yesu Kristo amesimama katikati yake, yeye aliyetangulia kuingia kwa ajili yetu. Amina.